Simu yako iache kwa mkoba. Kazini nunua kifaa kijinga

Tangazo la kamari lilianza kulia kwenye spika wakati jeneza lilikuwa linateremshwa.

Sijui njia ya upole ya kuisema hiyo sentensi, kwa hivyo nimeitanguliza. Tulikuwa Murang'a, Ijumaa, saa saba hivi mchana, watu kama mia mbili, mawingu mazito. Mimi ndiye nilikuwa mtu wa muziki. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi: kuweka wimbo mmoja wa kanisa familia inapotupa udongo, kisha kuzima. Niliuweka kwa simu yangu, moja kwa moja kutoka intaneti, kwa ile programu ya video ambayo kila mtu anayo. Nilikuwa nimenunua bando asubuhi, nikajiona nimejipanga. Ubeti wa kwanza ukaisha vizuri. Halafu mwanaume mwenye furaha isiyo ya kawaida akatuuliza sote pale kaburini kama tuko tayari kushinda mamilioni.

Wasee, kile kitufe cha kuruka tangazo huchukua sekunde tano kutokea. Sekunde tano ni ndefu kuliko unavyofikiria. Mjane aliinua kichwa. Pasta akanitazama. Vidole vyangu vilikuwa na jasho, skrini ikakataa kunisikia, na nikafanya kile kilichonijia kwanza: nikachomoa waya. Spika zikatoa mlio mmoja mkubwa kama ubao umevunjika, halafu kukawa kimya kibaya kuliko tangazo lenyewe.

Walinilipa. Hiyo ndiyo iliniuma zaidi. Kaka ya marehemu alinipa zile 2,500 zote mkononi, akaniambia, "Chukua tu, msichana wangu, umetoka mbali." Hakunilaumu hata kidogo. Pia hakuna mtu wa ile familia amewahi kunipigia tena, na wana vijana wengi wa kuoa na kuolewa.

Kwa hivyo leo sina mzaha mwingi. Kama unafanya kazi yoyote ya hapa na pale inayohitaji muziki, acha kutumia simu yako. Wewe unayefundisha akina mama mazoezi Jumamosi kwa holi ya kanisa, wewe wa dansi ya watoto, MC wa ruracio, mwalimu wa chekechea anayeweka nyimbo za kuimba alfabeti, hii ni yako. Nunua kifaa kidogo cha kucheza nyimbo, cha bei ya chini, na kikuwe kijinga iwezekanavyo. Kijinga maana yake hakina laini, hakina intaneti, hakikujui jina, hakijui una deni la nani. Kinajua kitu kimoja tu. Ukibonyeza, kinaimba.

Najua mtaniambia nini, kwa sababu nimeshaambiwa.

"Si uweke tu simu kwa hali ya ndegeni?" Nilijaribu. Hali ya ndegeni inazuia simu na ujumbe, haizuii kengele. Mimi nina kengele ya saa tisa kila siku ya kunikumbusha kupost, na ilishalia katikati ya hotuba ya mama mkwe, mlio wa jogoo, volumu ya spika mbili. Na ukiweka hali ya ndegeni, nyimbo za intaneti zimekufa, kwa hivyo ilibidi upakue mapema. Sasa kama tayari umepakua, simu bado unaihitaji ya nini?

"Lipia ile ya mwezi, hakuna matangazo." Sawa. Mimi nalipia Spotify nikipata, tangu waingie Kenya mwaka wa 2021, na kwa matatu na kwa keja sina shida nayo. Lakini nyimbo unazopakua kule hazitoki kule, na mara moja kila siku 30 lazima uingie intaneti la sivyo zinafungwa. Masharti yao pia yanasema ni ya matumizi yako binafsi, si ya biashara. Fikiria uko ndani kabisa ya Kitui, mtandao ni ule wa kupanda juu ya jiwe, ndio siku ya 31.

Halafu kuna ile haisemwi. Simu yako ni maisha yako yote, na kazini watu huishika. Kuna birthday ya mtoto nilifanya Umoja, mjomba mmoja akaja na ile sauti ya "hebu niweke moja tu, ya wazee." Nikampa simu. Angenyimwa angeona nimemkosea heshima, na yeye ndiye alilipia keki. Kabla wimbo wake haujapatikana, ujumbe ukashuka juu ya skrini: umechelewa kulipa mkopo wako siku tatu. Mjomba akausoma. Shangazi aliye kando yake naye akausoma. Mjomba akanirudishia simu polepole sana, kama mtu anayerudisha mtoto anayelia. Jioni yote walikuwa wananiongezea chakula.

Bluetooth nayo usiniambie. Spika ya Bluetooth haina adabu, inakubali yeyote aliye karibu. Siku nilipoitegemea, kijana wa ploti ya pili alijiunga kabla yangu, na watoto wa miaka sita wakasikiliza gengetone ya matusi kwa dakika moja na nusu huku mimi nazunguka kama kuku natafuta ni nani. Waya ni wa kizamani, lakini kuuchukua lazima mtu aje nimwone.

Haya, twende Luthuli.

Kwa wale hawajawahi, Luthuli Avenue ndiyo barabara ya spika na nyaya hapa Nairobi. Nilienda Jumanne asubuhi, kwa sababu Jumamosi pale huwezi kusikia kitu unachonunua. Hatua tatu ndani, nikaitwa.

"Siz, kuja. Unataka nini? Subufa? Hom thieta?"

"Kitu ya kucheza nyimbo, boss. MP3. Ya bei ya chini."

Akacheka hadi jirani yake akageuka. "MP3? Siz, hiyo ni ya akina babu. Chukua simu."

"Simu niko nayo. Ndio shida."

Simlaumu kwa kucheka. iPod ya kwanza ilitangazwa Oktoba 2001, wengi wetu hatujazaliwa au tuko kwa nepi, na Apple waliacha kutengeneza ya mwisho mwaka wa 2022. Watu wanadhani jamii nzima ya hivi vitu ilizikwa siku hiyo. Haikuzikwa. Iko chini ya kaunta, nyuma ya kava za simu, na muuzaji anaiona aibu, jambo ambalo linakusaidia kwenye bei.

Alinitolea aina tatu. Ya kwanza ni ile ndogo kama kiberiti, ina klipu ya kushika nguo, haina skrini. Shilingi 350. Hapa nikiri kwamba hiyo niliinunua kwanza, nikaenda nayo nyumbani nikijisifu. Usinunue. Bila skrini hujui ni wimbo gani unakuja. Zaidi ya hapo, nyingi za hivi vitu hazipangi nyimbo kwa jina, zinapanga kwa jinsi ulivyozinakili kwa kadi. Unaandika 01, 02, 03 kwa makini, yenyewe inaanza na ile ya saba kwa sababu ndiyo iliingia kwanza. Hata Apple waliwahi kuuza isiyo na skrini, iPod shuffle, na jina lenyewe lilikuwa linakuambia ukweli: ni ya kuchanganya. Ya kukimbia asubuhi, sawa. Ya kuingiza bibi harusi, hapana. Yangu nilimpa mdogo wangu.

Ya tatu ilikuwa kubwa, ya kugusa skrini, inafanana na simu. Bei yake ilikuwa inaanza elfu sita. Ina michezo, ina picha, ina mahali pa kuweka Wi-Fi. Muuzaji aliipenda sana. Mimi nikamwambia hiyo ni simu isiyo na marafiki.

Niliyochukua ni ya katikati: skrini ndogo ya vidole viwili, vitufe vya kubonyeza kabisa, mahali pa memori kadi, tundu la iafoni la 3.5mm. Aliitisha 2,200. Tulimalizana 1,500 baada ya mimi kutoka mlangoni mara mbili.

Lakini usilipe kabla hujaifanyia mtihani hapo hapo kaunta, na uende na iafoni zako na kadi yako yenye nyimbo tatu unazozijua vizuri. Iafoni ya muuzaji imezoea kusifu. Chomeka, kisha zungusha kile kichwa cha waya kidogo kwa tundu. Ukisikia upande mmoja unakatika, weka chini, chukua nyingine, kwa sababu hilo tundu ndilo kitu kitakufa kwanza na ndilo unalohitaji zaidi. Simamisha wimbo, sikiliza ukimya. Ile "shhhh" ndogo ambayo kwa iafoni huijali, kwa spika kubwa itakuwa mvua. Kila kifaa cha bei ya chini kina shhhh kiasi, lakini kuna shhhh na kuna maporomoko ya maji. Zima, washa, hesabu inachukua muda gani kuamka. Yangu ni sekunde nane, nimezikubali. Mwisho, tafuta kile kitufe cha kufunga vitufe vingine, ili ukiiweka mfukoni isianze kuimba yenyewe. Kama hakuna, uliza jinsi ya kufunga. Kama muuzaji hajui, mpe muda ajifunze, si una siku nzima?

Betri usimuulize. Atakuambia siku tatu. Nenda nyumbani, ijaze, iache ikiimba volumu ya chini usiku kucha. Yangu ilianza saa tatu usiku, nikaamka ikiwa bado inaimba, ikazima kabla ya saa mbili asubuhi. Karibu saa kumi na moja. Hakuna sherehe nimeenda ya saa kumi na moja, hata zile za upande wa baba yangu.

Memori kadi nayo ndiyo pale watu wanaibiwa wakitabasamu. Kuna kadi imeandikwa 128 na ndani ina 8. Simu inadanganywa, kompyuta inadanganywa, zote zinakuonyesha 128. Unanakili, inakubali, na nyimbo za mwisho zinaenda mahali hakuna mtu anajua. Ukiwa na kompyuta, kuna programu za bure za kuikagua, H2testw kwa Windows na F3 kwa Linux na Mac. Zinaijaza kadi mpaka pomoni kisha zinasoma tena kuona kama kilichoandikwa kipo. Saiba yoyote wanaweza kukuachia ufanye. Kama huna njia, ijaze kwa mkono kisha cheza zile za mwisho mpaka mwisho wake.

Na hata hivyo kadi kubwa ya nini? Nyimbo ya MP3 ya kiwango cha juu, 320, inakula kama megabaiti mbili na nusu kwa dakika. Wimbo wa dakika nne ni megabaiti kumi. Kadi ya GB 16 inabeba zaidi ya nyimbo 1,500 za namna hiyo. Nani amekuita ucheze nyimbo 1,500? Chukua 16 au 32, usipite hapo, kwa sababu kuanzia 64 kadi huja zimepangwa kwa mfumo mwingine ambao vifaa vingi vya bei hii havisomi. Niliipata 32 kwa 650. Nyimbo zangu za kazi, nikihesabu zote, hazifiki 200, na nusu yake ni zile tatu ambazo kila mama wa Nairobi anataka, kwa matoleo tofauti.

Kuhusu simu ya zamani, ile ya kioo kilichopasuka iko kwa droo. Hapa sitakuwa mgumu. Kama unayo tayari na ina tundu la iafoni, usitoe hata shilingi. Toa laini, futa akaunti zote, futa kengele, zima masasisho, na umeshajitengenezea kifaa kijinga. Tatizo langu na simu za zamani ni mbili. Betri zake zimezeeka na nyingine zimevimba, na skrini ya kugusa haielewani na jasho, jua, wala mikono yenye mafuta ya pilau. Kitufe unakibonyeza ukiwa unamtazama bibi harusi usoni. Lakini kununua simu ya mkono wa pili kwa 3,000 ndio uitumie kucheza nyimbo, hapo tumekosana. Kuna mtu ataweka laini. Nakuahidi. Utakuwa wewe, siku ile simu yako kubwa itazima chaji.

Nyimbo zenyewe unatoa wapi ni swali halali, na wengi wetu jibu letu si la kujivunia. Mimi siku hizi nikipata msanii anauza faili zake mwenyewe, kwa mfano kwa Bandcamp, nanunua, kwa sababu faili inakuwa yangu na haina jina la tovuti likisemwa katikati ya kibwagizo. Unajua zile za "umepakua kutoka..." Hizo usiziweke kwa kadi ya kazi, aki. Na kama ni tukio la hadharani, la kulipia kuingia, muulize mwenye tukio kuhusu leseni ya muziki kabla ya siku, kwa sababu sheria ya hakimiliki ya Kenya ya 2001 inawapa wenye nyimbo haki juu ya hilo.

Sasa kuna kitu kimoja ambacho hakuna muuzaji alinifundisha, na ndicho karibu kinitie aibu mara ya pili.

Miezi mitatu baada ya Murang'a nilipata kazi Kangundo. Ukumbusho, mwaka mmoja tangu mama wa watu afariki. Aliyenipigia ni binti yake, mkubwa kwangu kidogo. Akaniambia ana sauti ya mamake kwa WhatsApp, dakika moja na sekunde arobaini, akiwa jikoni anaimba. Hakuimba akijua anarekodiwa, alikuwa amebonyeza tu kimakosa akiwa anapika. Familia ilitaka isikike baada ya maombi, kabla ya chakula. Akaniuliza, "Dada, hiyo inawezekana?" Nikamwambia inawezekana.

Kitu cha kwanza: sauti za WhatsApp si MP3. Kwa simu za Android zinahifadhiwa kama faili za opus, na kifaa changu cha 1,500 hakijawahi kusikia hilo neno. Ukiiweka hivyo haionekani hata kwa orodha. Nilienda saiba, nikaibadilisha iwe MP3, nikaisikiliza kwa kifaa nikiwa kwa matatu. Sauti safi. Kuna mahali sufuria inagongwa. Nikalala vizuri.

Nikafika Kangundo saa mbili asubuhi, mapema kabisa, kwa sababu Murang'a ilinifundisha hiyo angalau. Mitambo ilikuwa ya mzee mmoja wa pale pale, spika zake kubwa na mikisa yake ya miaka. Nikamsalimia, "Shikamoo mzee," akaitikia bila kugeuka. Nikatoa waya wangu wa 200, ule wa upande mmoja iafoni, upande mwingine kichwa cha maiki chenye pini tatu. Nikachomeka. Nikaweka wimbo wa kanisa kujaribu.

Vyombo vilikuwepo. Mwimbaji hakuwepo. Kulikuwa na ngoma mbali, kinanda kwa pembeni, na mahali mwimbaji anapaswa kuwa kulikuwa na mwangwi tu, kama mtu anaimba nyumba ya tatu. Nikadhani ni faili. Nikaweka ile ya mama.

Kimya.

Nikaongeza volumu. Kimya. Skrini inaonyesha sekunde zinahesabu, 12, 13, 14, na kwa spika hakuna kitu kabisa. Binti alikuwa amesimama hapo na trei ya vikombe. Hakusema neno. Aliweka trei chini.

Mzee wa mitambo akaja, akatazama waya, akacheka kidogo kwa pua. "Wewe msichana, nani alikuuzia hii?"

Alinieleza na mimi nitawaeleza kama nilivyoelewa, kwa sababu ni ya maana. Waya wa maiki hubeba sauti ile ile mara mbili, kwa nyaya mbili, lakini moja imepinduliwa kinyume. Ikifika kwa mikisa, mikisa inatoa moja kwa nyingine. Kelele zilizoingia njiani ziko sawa pande zote mbili, kwa hivyo zinafutana. Sauti yenyewe, kwa sababu ilikuwa imepinduliwa upande mmoja, inabaki na nguvu. Mpango mzuri sana, kwa maiki. Lakini kifaa changu kinatuma kitu kingine: waya mmoja ni upande wa kushoto, mwingine ni wa kulia. Mikisa haijui. Inafanya hesabu yake ile ile, inatoa kulia kwa kushoto. Chochote kilicho sawa pande zote mbili kinakuwa sifuri. Na kwa nyimbo nyingi mwimbaji ndiye huwekwa katikati, yaani sawa kushoto na kulia. Ndio maana yeye ndiye alipotea na ngoma za pembeni zikabaki. Rekodi ya WhatsApp nayo yote ni sauti moja, kushoto na kulia hazina tofauti hata chembe. Ikafutika yote.

Kumbe sauti ya huyo mama ilikuwa inafika kwa mikisa mara mbili, na mikisa inaitoa kwa yenyewe.

Mzee akaingiza mkono kwa begi lake la nyaya, akatoa waya wa kichwa kimoja cha iafoni unaogawanyika kuwa vichwa viwili vinene, kila kimoja cha upande wake. Akavichomeka kwa njia mbili tofauti za mikisa. Akaniambia niweke volumu ya kifaa karibu na juu, si juu kabisa, nyingine aongeze yeye. Akaniambia pia nichomoe chaja, kwa sababu nilikuwa nimekichomeka kwa umeme ule ule wa mitambo na ndio ulikuwa unaleta ile "mmmmm" ya chini ambayo nilidhani ni friji. Hiki kitu kiache kitumie betri yake, akasema, ndio maana kimepewa betri.

Nikabonyeza tena. Sauti ya mama ikatoka, na sufuria yake. Binti akasema "basi, basi, zima," haraka, na nikazima, kwa sababu alitaka aisikie na wengine.

Huo waya mzee aliniuzia jioni kwa 300. Kwa hivyo hesabu yangu ya vitu vinavyofanya kazi ni 1,500 kifaa, 650 kadi, 300 waya. Jumla 2,450. Ile pesa ya Murang'a niliyopewa kwa huruma ingenunua vyote, ikabaki finje. Ile 350 ya kiberiti na 200 ya waya wa uongo ni karo niliyolipa ya shule.

Kuna kitu kingine kidogo nilikuwa nimepanga kabla, na huu ujanja chukueni bure. Vifaa hivi vikimaliza wimbo vinaruka moja kwa moja kwa unaofuata, havijui kusubiri. Unacheza wimbo wa huzuni, unageuka kusalimia mtu, na kinakuletea Sauti Sol. Kwa hivyo baada ya kila wimbo wa maana mimi huweka faili ya ukimya ya dakika tano. MP3 ambayo haina kitu ndani. Naziita "maji". 01 wimbo, 02 maji, 03 wimbo, 04 maji, na nazinakili kwa mpangilio huo huo, moja baada ya nyingine, ili kifaa kisipate nafasi ya kujiamulia.

Baada ya maombi binti alinitazama akatikisa kichwa. Nikabonyeza, nikiwa namtazama yeye, si skrini. Dakika moja na sekunde arobaini. Watoto ambao hawakumjua waliendelea kucheza kule nyuma. Wazee wakaanza kuimba naye chini chini kwa Kikamba kuanzia pale kwa sufuria. Ilipoisha kifaa kikaingia kwa maji, na kwa hizo dakika tano hakuna kitu kililia, hakuna mtu alinipigia, hakuna aliyeulizwa kama yuko tayari kushinda. Mtu mmoja akakohoa. Kisha shangazi mmoja akasema chakula kitapoa.

Simu yangu nilikuwa nimeiacha ndani ya mkoba, imefungwa kwa sweta, chini ya meza ya mitambo. Nilipoitoa saa kumi ilikuwa na simu nne ambazo sikupokea, ujumbe wa mkopo, na jogoo wa saa tisa alikuwa amewika humo ndani peke yake mpaka akachoka.